Mpira Ukiisha Upepo

Katika chumba cha walimu cha shule moja niliyopata kufundisha palizuka mabishano ambayo hayajanitoka moyoni. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu kama mnazi mchanga na mwepesi kama paa, alikuwa amekosa vipindi vya hesabu kwa majuma manne. Saa za vipindi hivyo alikuwa uwanjani, akitupa mpira kikapuni. Nilipoileta habari hiyo mbele ya wenzangu, mmoja wao alicheka, akasema, "Mwalimu, mwache kijana wa watu. Mungu amempa kimo. Hesabu itamwongezea nini? Kesho atachukuliwa na chuo kikuu cha Marekani, na keshokutwa atakuwa tajiri kuliko sisi sote tulio humu." Wengi waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa mgeni katika kazi, nikanyamaza.

Kunyamaza kwangu kulikuwa kosa. Kijana yule hakuchukuliwa na chuo chochote. Mwaka uliofuata aliumia goti, na alipomaliza kidato cha nne alitoka na cheti kisichoweza kumfungulia mlango wowote. Leo ninafundisha katika chuo cha ualimu, na kila mwaka wanafunzi wangu huenda kufundisha vijana walio kama yeye. Ninaandika insha hii ili kulipa deni la ukimya ule.

Neno langu ni moja. Kijana aendaye chuo kikuu kwa nguvu ya mpira ni mwanafunzi kama wenzake, na ana haki ya kutoka huko na elimu kama wenzake. Chuo kikichukua mikono na miguu yake, kikakiacha kichwa chake kitupu, kimemdhulumu. Mzazi na mwalimu waionao dhuluma hiyo wakaiita bahati ni washirika wa mdhalimu. Na kijana ambaye kwa hiari yake hukiweka kitabu chini ili mikono yake miwili ishike mpira tu, amejiuza kwa bei asiyoijua.

Msidhani, wasomaji wangu, kwamba ninauchukia mchezo. Nilishangilia kama Wakenya wengine mnamo Februari 2021, timu yetu ilipoishinda Angola pointi 74 kwa 73 mjini Yaoundé, ikapata nafasi katika mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993. Wako watu wasemao kuwa mchezo ni upotevu wa wakati. Hao nao wamekosea. Mpira wa kikapu ni mtoto wa shule. Ulizaliwa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, ndani ya chuo cha kufunzia viongozi wa Y.M.C.A. Mwalimu mmoja, jina lake James Naismith, alipewa darasa la vijana watukutu waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika kanuni 13, akawapa mpira. Wala hakuridhika na sifa ya kubuni mchezo: alisoma udaktari akahitimu mwaka 1898, kisha akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kansas. Basi mchezo huu ulitungwa na mwalimu, ndani ya chuo, kwa ajili ya wanafunzi. Mtu autumiaye kuwatoa wanafunzi darasani amemfundisha mwana kumpiga mama yake.

Na tuianze hoja kwa hesabu, somo lile lile alilolikimbia kijana wangu. Ligi kubwa ya Marekani, ambayo huitwa NBA, ina timu 30, na kila timu ina nafasi 15 za wachezaji wa mkataba kamili. Mara 30 ni 450. Hizo ndizo nafasi zote za dunia nzima katika ligi hiyo. Kila mwaka timu huchagua wachezaji wapya kwa mizunguko miwili, kwa hiyo majina hayazidi 60. Sasa tazameni upande wa pili. Vyuo vikuu vya daraja la kwanza vichezavyo mpira wa kikapu wa wanaume ni zaidi ya 350. Tukikadiria wachezaji 13 tu kwa kila chuo, tunapata vijana 4,550. Tukisema robo yao humaliza kila mwaka, hao ni zaidi ya 1,100, nao wanazigombea nafasi 60 pamoja na vijana wa Ulaya na wa sehemu nyingine za dunia. Hata kama nafasi zote 60 zingekuwa zao, angechaguliwa mmoja katika kila 19. Na hapa tumewahesabu wale tu waliokwisha kufika vyuo vya juu. Hatukuwahesabu wa vyuo vidogo, wala maelfu kwa maelfu ya wale waliobaki viwanjani kwao, kama kijana wangu. Aliyesema hesabu haitamwongezea mchezaji kitu hakuwa amepiga hesabu hiyo.

Lakini vijana hudanganywa na nani? Hapa hapana budi kusema wazi kwamba mchezo wa vyuo vya Marekani una fedha nyingi. Mwaka 2010 chama kinachotawala michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kiliuza haki ya kuonyesha mashindano yake ya mpira wa kikapu katika televisheni kwa miaka 14, kwa bei ya dola bilioni 10.8. Wakati huo mchezaji mwenyewe hakuruhusiwa kupokea mshahara; malipo yake yalikuwa karo, chakula na malazi. Chama hicho kilimpa jina la mwanafunzi-mwanamichezo. Jina hilo ni zuri masikioni, lakini lilibuniwa miaka ya 1950 ili mchezaji akiumia asihesabiwe kuwa mfanyakazi na kudai fidia. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho kwa miaka mingi, alieleza habari hiyo mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1995, akiwa amekwisha kugeuka kuwa mkosoaji wa mambo aliyoyajenga kwa mikono yake.

Kama malipo ya mchezaji yalikuwa elimu, basi haki ilitaka elimu hiyo itolewe kwa ukamilifu. Je, ilitolewa? Sikilizeni kisa cha kijana mmoja aliyekichezea Chuo Kikuu cha Creighton, katika mji wa Omaha, kuanzia 1978 hadi 1982. Kwa maelezo aliyoyapeleka mahakamani, alipoingia chuoni alama zake za mtihani zilikuwa chini mno ya zile za wenzake, na chuo kilijua. Alipangiwa masomo kama ufinyanzi, kulenga shabaha na nadharia ya mpira wa kikapu. Kulikuwa na karani wa kumsomea vitabu na kumwandikia kazi zake. Baada ya miaka minne hakuwa na shahada, na usomaji wake haukupita ule wa mtoto wa darasa la saba. Ndipo alipokwenda Chicago, katika shule ya watoto iliyoongozwa na mwalimu hodari Marva Collins, akaketi pamoja na watoto wadogo ajifunze kusoma. Fikirini: mtu mzima, mrefu kuliko mlango, amekunja magoti chini ya dawati la mtoto! Wako waliomcheka. Mimi nasema yeye ndiye aliyekuwa na heshima katika kisa hiki, na aibu iwarudie wale waliomshangilia miaka minne bila ya kumfundisha. Alipoishtaki Creighton, mahakama ya rufani iliamua mwaka 1992 kwamba chuo hakiwezi kushtakiwa kwa sababu ya kufundisha vibaya tu, lakini chaweza kushtakiwa kikiwa kiliahidi huduma maalumu na kisiitoe kabisa. Tazameni jinsi ulinzi wa sheria ulivyo mwembamba. Asiyejilinda mwenyewe asitegemee sana kulindwa na hakimu.

Baadhi ya watu, wasikiapo habari kama hizo, hutoa dawa ya haraka: wafungiwe mlango wote wasio na alama za kutosha, na mambo yamekwisha. Chama cha vyuo kilijaribu dawa hiyo. Januari 1989 kilipitisha kanuni ya kuwanyima msaada wa masomo vijana wasiofikia kiwango fulani cha alama na mtihani. Aliyeinuka kupinga alikuwa John Thompson, kocha wa Chuo Kikuu cha Georgetown katika mji wa Washington, Mwafrika wa Marekani, ambaye mwaka 1984 alikuwa kocha mweusi wa kwanza kushinda ubingwa wa vyuo vya daraja la kwanza. Siku ya mchezo, tarehe 14 Januari 1989, alitoka uwanjani mbele ya watu wote akaiacha timu yake mikononi mwa wasaidizi. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni ile ingewaumiza zaidi watoto wa maskini, ambao shule zao zilikuwa duni kwa kosa lisilo lao. Baadaye kanuni hiyo ililegezwa. Nakubaliana na Thompson. Mtoto aliyenyimwa chakula haponywi kwa kufukuzwa mezani. Dawa ni kumpokea, kisha kumlisha.

Na Thompson hakusema tu. Alipoanza kazi Georgetown mwaka 1972 alimleta mwalimu, Bi. Mary Fenlon, aliyepata kuwa mtawa, akampa kazi ya kuyasimamia masomo ya wachezaji. Mwalimu huyo aliketi katika benchi la timu, karibu na kocha mwenyewe, ili kila mchezaji aone kuwa darasa limekuja naye uwanjani. Katika miaka yote 27 ya Thompson, wachezaji 97 katika kila 100 waliokaa chuoni miaka minne walipata shahada zao. Na ofisini mwake aliweka kitu ambacho kila mgeni alikistaajabia: mpira wa kikapu usio na upepo. Aliwaonyesha vijana mpira huo uliosinyaa, apate kuwauliza watakuwa nani siku upepo utakapotoka. Nijuavyo mimi, hakuna kitabu cha malezi kilicholisema jambo hilo kwa ufupi kuliko mpira ule.

Mmoja wa walioingia katika ofisi hiyo alikuwa Mwafrika mwenzetu. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 21, alifika Georgetown kwa msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Hakutumwa kucheza, nia yake ilikuwa kusomea udaktari, arudi kuwatibu watu wake. Kiingereza alikijua kidogo sana, na mwaka wake wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Thompson, ambaye mwenyewe alikuwa mrefu kuliko watu wengi, alipomwona kijana wa sentimita 218, alimwita uwanjani.

Nisiwafiche kitu: mpira ulimtoza Mutombo kodi kubwa. Mazoezi na masomo ya udaktari havikuweza kukaa katika siku moja, na ndoto ya udaktari ikafa. Watetezi wa michezo hulipita neno hilo mbio. Mimi nataka mlishike. Lakini tazameni alifanya nini baada ya hapo. Hakusema, "Udaktari umenishinda, basi shule imekwisha." Aligeukia isimu na diplomasia. Akafanya kazi ya majaribio katika Bunge la Marekani na katika Benki ya Dunia wakati wenzake wakihesabu mabao. Mwaka 1991 alipata shahada, na mwaka huo huo akachaguliwa wa nne katika uchaguzi wa NBA na timu ya Denver. Alitangulia kuhitimu, kisha akachaguliwa. Alicheza misimu 18. Mara nne alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka, na alizuia mipira 3,289. Katika hesabu ya ligi hiyo ni mtu mmoja tu aliyempita, naye ni Mwafrika mwingine, Hakeem Olajuwon wa Nigeria.

Mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa miaka ya 1990 bila ya kufikishwa hospitali, kwa kuwa njia zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya machafuko. Mwana yule aliyekosa udaktari aliamua kujenga hospitali. Aliijenga Masina, mtaa wenye watu wengi maskini wa Kinshasa, yenye vitanda 300, kwa gharama ya dola milioni 29, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka mfukoni mwake. Ilifunguliwa rasmi mwaka 2006, ikapewa jina la mama yake, na mwaka 2007 ikaanza kupokea wagonjwa. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 58. Yeye ameondoka, na hospitali imebaki.

Hapa mwenzangu wa chumba cha walimu angenirukia, "Umejifunga mwenyewe! Fedha za hospitali zilitoka katika mpira, hazikutoka katika isimu!" Kweli, fedha zilitoka katika mpira. Lakini wachezaji waliopata mamilioni ni wengi. Waliojenga hospitali wako wapi? Fedha hazijui njia ya Masina. Aliyezionyesha njia ni mtu aliyezoea kuzungumza na mabalozi, kuandika barua, kusoma mikataba na kuwashawishi matajiri katika lugha zao. Mpira ulimpa mali. Elimu ilimfundisha namna ya kuitumikisha. Na tena, kama goti lake lingevunjika mwaka 1990, angebaki kijana mwenye lugha nyingi anayekaribia kupata shahada. Goti la kijana wangu lilipovunjika, alibaki na nini? Wahenga walisema, "Mwangaza mbili moja humponya." Mutombo alikuwa na mianga miwili. Sisi tulimwachia mtoto wetu mmoja, tukaupulizia sifa mpaka ukazimika.

Mwingine atasema kuwa mambo yamebadilika. Ni kweli. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote tisa, ilikiambia chama cha vyuo kwamba hakina ruhusa ya kuuwekea mpaka msaada unaohusu masomo ya mchezaji. Julai ya mwaka huo wachezaji wakaanza kuruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha mapatano ya kuviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja. Mimi nafurahi; mfanya kazi astahili ujira wake. Lakini ujira haukifuti kilio changu. Kijana wa miaka 19 apewaye mkataba asioweza kuuelewa yu hatarini zaidi ya yule asiyepewa chochote, kwa maana sasa yuko mtu wa kumwibia. Tena ninyi mtakaokwenda huko mtakuwa wageni, na mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hubanwa na sheria katika kazi za malipo. Fedha zinazosifiwa magazetini huenda zisikufikieni. Kitu ambacho mtaweza kurudi nacho bila ya kuulizwa na afisa wa uhamiaji ni kile kilichomo kichwani.

Basi akija mtu shuleni kwenu na barua yenye muhuri, akikusifu kimo chako na wepesi wa mikono yako, kumbuka kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mshukuru kwa adabu, kisha muulize maswali manne. Ufadhili huu ni wa miaka mingapi? Kwa maana tangu 1973 hadi 2012 vyuo hivyo vilitoa ufadhili wa mwaka mmoja mmoja, na mchezaji aliyeumia aliweza kukosa wa mwaka uliofuata. Nikiumia, nani atalipa karo yangu hadi nimalize? Nitasoma somo gani, na nani amelichagua: mimi au saa za mazoezi? Katika wachezaji walioingia miaka minne iliyopita, wangapi wamehitimu? Akiyajibu kwa maandishi, mzazi wako na mwalimu wako wayasome. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Nanyi mtakaokuwa walimu, msiningojee mimi niwasemee. Mwanafunzi mrefu akikosa darasa, mfuateni uwanjani, mkamlete kwa upole. Cheza naye jioni ukiweza, lakini asubuhi awe mbele ya ubao. Msimwache kwa sababu shule inapata vikombe. Kikombe hukaa katika kabati ya mwalimu mkuu, na mtoto huenda zake mikono mitupu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na nguvu za goti ni sehemu ya moshi huo.

Miaka michache iliyopita nilikutana na kijana wangu sokoni. Sasa ni mtu mzima, anachechemea kidogo. Aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," akanionyesha binti yake wa darasa la sita, ambaye kimo chake kilikwisha kumpita mama yake. Akaniambia kuwa binti huyo anapenda mpira wa kikapu. Nilingoja aendelee. Akasema, "Lakini hesabu zake nazikagua kila jioni mimi mwenyewe, kabla ya kumruhusu kwenda uwanjani. Nisipozielewa, huzipeleka kwa jirani."

Mtu huyo hakupata kuingia katika ofisi ya Thompson, wala hakuuona ule mpira uliosinyaa. Aliujua kwa goti lake. Ninyi mlio darasani leo mnaweza kuujua kwa kusoma tu, na bei ya kusoma ni ndogo mno.